Rili ya Mkono Uliolala

Huyu ni Kabula. Ana miaka sita, na jino moja la mbele hana. Liling'oka juzi akila muhogo.

Nyumba yao iko Mwanza, juu ya mawe. Mawe makubwa, makubwa kuliko nyumba yenyewe! Chini ya mawe kuna ziwa, na ziwa linasema: chwa... chwa... chwa.

Baba analipenda ziwa. Kabula analipenda ziwa.

Mama hapana. Mama alikulia Meatu, nchi ya vumbi, na huko maji mengi kuliko yote aliyoyaona ni ya pipa.

"Kabula, usikaribie! Kabula, rudi! Jiwe hilo linateleza, na hilo nalo linateleza, njoo huku, kaa, kaa chini kabisa!"

Mama husema haraka haraka, kwa sababu moyo wake nao unakwenda haraka haraka. Du-du-du-du.

Zamani kidogo, Baba alivua samaki kila jioni. Alirusha mshipi kwa mkono, akauvuta kwa mkono, na samaki akatoka majini. Chubwi!

Mshipi ni ule uzi wa kuvulia. Mwembamba kama unywele, lakini una nguvu.

Halafu siku moja Baba akaanguka na baiskeli. Pu! Mkono wa kulia ukavunjika.

Daktari akauvalisha mkono plasta nyeupe. Ukakaa ndani ya plasta siku nyingi, mpaka mfupa ukapona. Lakini vidole je? Vidole wapi!

Baba anashika kikombe, kikombe kinadondoka. Kwang'! Baba anashika kifungo cha shati, kifungo kinamkimbia.

"Vidole vimekufa ganzi," Baba akasema.

Kabula akaacha kutafuna. "Vimekufa?"

Macho yake yakajaa machozi. Akavishika vidole vya Baba, kimoja, kimoja, kimoja.

"Havijafa, Baba! Vina joto. Vimelala tu."

Baba akatabasamu kidogo. "Haya, mama. Vimelala."

Basi tangu siku ile, kila asubuhi, Kabula anaugonga mkono wa Baba polepole. Ko-ko-ko.

"Hodi, mkono! Umeamka?"

"Bado, mama," Baba anajibu. "Mkono umelala."

"Twende tukavue, Baba."

"Nitauvutaje mshipi, mama? Mkono umelala."

Baba anakaa mlangoni, anatazama ziwa. Ziwa linasema chwa... chwa... chwa.

Mama anayaona hayo yote. Daktari alisema mkono upewe kazi ndogondogo, ya kuzungusha-zungusha, ndipo utaamka. Lakini Baba hataki kuzungusha kitu. "Nizungushe nini, na cha nini?" anasema, na anageukia ziwa tena.

Siku moja Mama akafunga pesa za vitumbua anavyouza kwenye pindo la khanga.

"Kabula, vaa viatu. Twende tukanunue fimbo."

Kabula akarudi nyuma. "Fimbo? Kwani mimi nimefanya nini?"

"Si ya kuchapa, wewe! Ya kuvulia! Baba yako asivute, azungushe tu, nimewaona watu wanazungusha na samaki anakuja, haya vaa, cha kushoto umevaa kulia, badilisha, twende, na Baba usimwambie!"

Duka la Mjomba Masalu lina kamba. Lina nyavu. Lina maboya mekundu, ya njano na ya bluu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Jino limekwenda wapi?"

"Limebaki kwenye muhogo."

"Pole yake muhogo!" akasema Mjomba Masalu.

Mama akasogea mbele. "Nataka fimbo ya kuvulia. Na ile, ile ya kuzungusha, kile kigurudumu kinachokaa juu ya fimbo, sijui mnakiitaje."

"Rili."

"Hiyo hiyo!"

Rili ni kigurudumu cha kukunjia mshipi. Ina kimkono pembeni. Ukizungusha kimkono, mshipi unarudi, na samaki anakuja nao.

Mjomba Masalu akaweka fimbo juu ya meza. Fimbo moja nyekundu, ndefu, inang'aa kama pipi. Akaipeperusha. Swiiiii!

Fimbo nyingine ya kahawia, fupi, imezungushiwa utepe mweusi mpinini. Akaipeperusha. Swi.

Akaweka na rili. Moja kubwa, ya kijivu. Akaizungusha. Kwaru... kwaru... kwaru.

Nyingine nyeusi, ndogo, imetulia. Akaizungusha. Tiki-tiki-tiki-tiki.

Mama akafungua pindo la khanga. Mjomba Masalu akatazama, akakuna kichwa.

"Mama Kabula, hapa itabidi uchague. Fimbo nzuri na rili ya hivi hivi, au rili nzuri na fimbo ya hivi hivi. Vizuri vyote viwili, haitoshi."

"Nipunguzie basi, kaka."

"Nimeshapunguza, dada. Nikipunguza tena, leo nyumbani tutakula maboya!"

Fimbo au rili? Rili au fimbo?

"Fimbo nyekundu!" Kabula akaruka. "Mama, ile nyekundu! Hata Bibi kule Meatu ataiona!"

"Hata mimi naona fimbo," Mama akasema. "Ndefu ndiyo nzuri, mtu anasimama huku, mbali, maji yako kule, fimbo inakwenda yenyewe na mtu harowani hata kidole!"

Mjomba Masalu akacheka. "Mimi siwachagulii. Wengine hupenda fimbo, wengine hupenda rili. Kwani mvuvi ni nani?"

"Baba," Kabula akasema.

Halafu akakumbuka. Mkono wa Baba umelala.

Kabula akaenda kwenye benchi la dukani. Akauweka mkono wake wa kulia chini. Akaukalia.

"Kabula, unafanya nini?"

"Naulaza mkono."

"Inuka, utajiumiza, mtoto wewe, mikono haikaliwi!"

"Subiri, Mama. Bado haujalala."

Wakasubiri. Mjomba Masalu akakunja kamba. Nzi akapita, bzzz. Kabula akakaa, uzito wote juu ya mkono.

Mara mkono ukaanza. Chi-chi-chi-chi, kama siafu wadogo wanatembea ndani.

"Umelala!" Kabula akasema.

Akaishika fimbo nyekundu kwa mkono uliolala. Ikadondoka. Akaishika kwa mkono wa kushoto. Ikakaa.

"Fimbo, mkono wa kushoto unaweza," akasema. "Huu uko macho."

Akaishika rili kubwa ya kijivu kwa mkono uliolala. Kwaru... kwa... Ikakwama. Akasukuma. Haikuzunguka.

"Mama! Mkono wa rili hii nao umelala!"

Akaishika rili ndogo nyeusi. Kidole kimoja tu, kile cha mwisho, kizembe, kimejaa ganzi.

Tiki.

Tiki... tiki.

Tiki-tiki-tiki-tiki!

"Mama! Huu umeamka!"

Mama alikuwa amefungua mdomo aseme jambo. Akaufunga. Mama kunyamaza, hilo ni jambo kubwa.

"Basi," Mama akasema polepole. "Tuchukue rili."

Kabula akaitazama fimbo nyekundu. Inang'aa. Ndefu. Nzuri jamani!

Akaipapasa mara ya mwisho. "Kwaheri, nyekundu," akaiambia.

Mjomba Masalu akachukua ile fimbo ya kahawia. Mama alipoiona, moyo ukaanza tena. Du-du-du-du.

"Fupi hii! Fupi mno! Baba atasimama karibu na maji, na Kabula atasimama karibu na Baba, mimi hapana, kaka, niongezee na mshipi. Mshipi wa nguvu!"

"Nguvu kiasi gani? Wa kumshika sato?"

"Zaidi!"

"Sangara?"

"Sangara mimi simjui uzito wake, wewe nipe usiokatika, ushike vizuri, asiniponyoke!"

Mjomba Masalu akaleta mshipi. Mama akaunyoosha mbele ya macho. Mwembamba kama unywele.

"Huu? Huu ndio nimfunge mtoto wangu kiunoni?"

"Mtoto?"

"Si nimesema nataka mshipi!"

"Na mimi nimekupa mshipi! Mshipi wa kuvulia!"

"Mshipi wa kiunoni! Wa kufunga kiunoni! Wa kumshika Kabula!"

Wakatazamana.

Halafu Mjomba Masalu akacheka, akacheka mpaka akaegemea maboya, maboya yakaanguka, bu-bu-bu! Kabula akacheka, pengo wazi. Mama akaziba mdomo kwa khanga, naye akacheka.

"Dada yangu," Mjomba Masalu akasema akifuta macho. "Mshipi wa samaki nimekuwekea kwenye rili. Mshipi wa mtoto mimi siuzi."

Mama akaishika khanga yake. Akaivuta. Akaivuta tena kwa nguvu. Haikukatika.

"Ninao," akasema.

Wakarudi nyumbani. Baba alikuwa mlangoni, anatazama ziwa. Chwa... chwa... chwa.

"Fumba macho, Baba," Kabula akasema. "Toa mkono. Si huo! Ule uliolala."

Akamwekea kimkono cha rili kwenye vidole.

Tiki.

Baba akafumbua macho. Akaitazama rili. Akaitazama fimbo fupi ya kahawia. Akamtazama Mama, na Mama akajifanya anatazama kuku.

"Mkono umelala, mama," Baba akasema kwa sauti ndogo.

"Rili haijalala, Baba. Itauamsha."

Jioni wakashuka kwenye mawe. Baba mbele. Kabula katikati. Na nyuma, nani yule anashuka kwa kukaa, jiwe kwa jiwe, kama mtoto anayetambaa?

Ni Mama!

"Nani amesema nabaki nyumbani? Sibaki! Tembeeni polepole, msigeuke, msinitazame!"

Wakafika. Mama akamfunga Kabula khanga kiunoni. Fundo. Na fundo jingine juu ya fundo. Ncha ya khanga akaizungusha kwenye mkono wake mwenyewe.

"Mshipi wa Baba ni wa samaki," Mama akasema. "Mshipi wa Mama ni wa Kabula."

Baba akaishika fimbo kwa mkono wa kushoto. Akairusha. Swi!

"Wee!" Mama akapiga kelele.

Ndoano ilikuwa imenasa kwenye kilemba chake.

"Nilisema mimi! Hata sijafika majini, nimeshavuliwa!"

Kabula akacheka. Na Baba akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu siku ya baiskeli.

Akairusha tena. Swi! Chubwi! Safari hii ilifika majini.

Wakasubiri. Chwa... chwa... chwa.

Mshipi ukatikisika. Baba akazungusha. Tiki... tiki... tiki. Akatoka samaki mdogo mwenye ndevu, amenuna, analalamika: go-go-go! Go-go-go!

"Huyu ni gogogo," Baba akasema. "Ana miiba, usimguse. Anatutukana huyu."

"Anasema nini?"

"Anasema mama yake anamwita."

"Basi mrudishe!" Mama akasema haraka. "Mrudishe, mama yake ana wasiwasi!"

Baba akamrudisha. Chubwi.

Wakasubiri tena.

Mara fimbo fupi ikapinda! Ikapinda mpaka ncha ikagusa maji!

"Zungusha, Baba!"

Tiki-tiki-tiki! Mshipi ukakaza. Tiki... tiki... Baba akauma meno. Tiki...

Rili ikasimama.

"Mkono umechoka," Baba akasema. "Mkono unalala, mama."

"Usilale!" Kabula akasema. "Nakuja!"

Akakimbilia mbele, lakini, tap! Khanga ikakaza. Mkono wake haukumfikia Baba. Ulibaki hewani, karibu kabisa, bado kidogo tu.

Kabula akageuka. "Mama?"

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe kavu, mbali na maji. Khanga amezungusha mkononi. Moyo du-du-du-du-du.

Mama akayatazama maji. Akamtazama Baba. Akautazama mkono mdogo wa Kabula uliobaki hewani.

Hakuiachia khanga.

Alisogea. Akasogea mbele kidogo, kwa kukaa. Akasogea tena. Macho amefumba, midomo inatetemeka, "jamani, jamani, jamani," lakini anasogea.

Khanga ikalegea.

Kabula akaufikia mkono wa Baba. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Baba. Ko-ko-ko.

"Hodi, mkono!"

Tiki.

Mshipi umemshika samaki. Mshipi umemshika Kabula.

Tiki... tiki.

Baba amemshika samaki. Mama amemshika Kabula.

Tiki-tiki-tiki-tiki!

CHUBWI!

Sato! Sato mnene, anarukaruka juu ya jiwe, pa-pa-pa!

"Tumempata! Tumempata!" Kabula akapiga kelele.

Baba hakupiga kelele. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa bado vimeshika kile kimkono cha rili. Vyote. Na hakuna aliyevishikilia.

Wimbi dogo likaja, likalamba vidole vya miguu vya Mama. Chwa.

Mama akafumbua jicho moja.

"Kumbe yana joto," akasema. "Maji ya ziwa, kumbe yana joto!"

Usiku ule wakala sato na ugali. Baba akamchambulia Kabula miiba kwa mkono wa kulia. Polepole sana, lakini hakuna mwiba uliobaki.

Halafu Baba akashika kikombe cha chai. Kikombe kikatikisika. Kabula akakitazama. Mama akakitazama.

Hakikudondoka.

Wakati wa kulala, Baba akaja kukaa kitandani kwa Kabula. Amekuja na rili.

"Baba," Kabula akasema. "Kulikuwa na fimbo nyekundu. Ndefu. Inang'aa."

"Unaisikitikia?"

"Kidogo."

"Hata mimi ningeisikitikia," Baba akasema, akampapasa nywele. Kwa mkono wa kulia.

Kabula akapiga miayo. Akageuka upande wa pili, alikokaa Mama. Kuna kitu kikamvuta kiunoni.

"Mama, hapa hakuna maji."

"Najua."

"Mbona bado umenishika?"

Mama akaitazama ile ncha ya khanga mkononi mwake. Moyo wake ulikuwa unakwenda polepole. Du... du... du.

"Basi tu," akasema. "Lala. Ukilala nitaiachia. Au nitaiachia kesho."

Nje, ziwa likasema chwa... chwa... chwa. Ndani, Baba akaizungusha rili taratibu, mkono upate kazi yake ndogondogo.

Tiki... tiki... tiki...

"Hodi, mkono," Kabula akanong'ona, macho yamefumba. "Umeamka?"

"Umeamka, mama," Baba akajibu.

Lakini Kabula hakusikia.

Mkono umeamka. Kabula amelala.